Wasee wa Mjengo Katika Nchi Zilizosema "Sisi Hatumo"

Vita vya Pili vya Dunia wengi wetu tulifundishwa kama mechi. Upande huu Uingereza, Urusi na Marekani, upande ule Ujerumani, Italia na Japani. Unachora mstari katikati ya daftari, unakariri tarehe, unangoja mtihani. Nchi zilizokataa kuingia uwanjani hupewa sentensi moja tu: hazikushiriki.

Leo nataka tuisimamishe hiyo sentensi tuikague mifuko. Ukichimba kidogo unakuta kwamba kati ya 1940 na 1944, wanajeshi wa Uingereza walikuwa ndani ya nchi zilizosema wazi kwamba hazina upande. Na wengi wao kazi yao haikuwa kupiga risasi. Walikuwa na ramani, vifaa vya kupimia ardhi, saruji na mabati. Walikuwa wahandisi. Wasee wa mjengo, lakini wa jeshi.

Nimewafuatilia hawa watu kwa muda sasa, na nitakupitisha nchi tatu: Aislandi, Uturuki na Ureno. Ya kwanza iliingiliwa bila hodi. Ya pili ilikubali chini ya maji. Ya tatu iliandikishana mkataba kabisa, na sehemu ya bei ya huo mkataba ikaja kulipwa na majirani zetu wa Msumbiji, ambao hakuna aliyewauliza chochote. Kaa nami tufike hapo.

Kwanza, hawa ni kina nani?

Jeshi la Uingereza lina kikosi kinaitwa Royal Engineers. Hao ndio hushughulikia kila kitu ambacho jeshi linahitaji ili liweze kusonga: madaraja, barabara, reli, bandari, maji, viwanja vya ndege, hata kutegua mabomu. Kaulimbiu yao ni neno moja la Kilatini, Ubique, maana yake "kila mahali." Walipewa na mfalme mwaka 1832, na hawajawahi kuliangusha.

Sisi Wakenya tunawajua hata kama hatujui kwamba tunawajua. Aliyeongoza upimaji wa njia ya reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria, 1891 hadi 1892, alikuwa Kapteni James Macdonald wa kikosi hicho. Gavana Percy Girouard, aliyetawala hapa kuanzia 1909 hadi 1912, alitoka kikosi hichohicho. Alikuwa amejenga reli ya jeshi kule Sudan kabla ya kuletwa kwetu. Mkataba wa 1911 wa kuwatoa Wamaasai Laikipia ulitiwa saini chini ya utawala wake. Kwa hivyo mtu akikuambia mhandisi ni fundi tu, hana siasa, mwambie apitie Laikipia kwanza.

Sheria ilisema nini

Kuhusu nchi isiyo na upande, sheria ilikuwepo na haikuwa na mafumbo. Mkataba wa The Hague wa 1907 unasema ardhi ya nchi kama hiyo haiguswi. Walio vitani hawaruhusiwi kupitisha wanajeshi hapo, wala misafara ya silaha na vifaa. Na nchi yenyewe haina ruhusa ya kufumba macho hayo yakifanyika. Wanajeshi wa mataifa yanayopigana wakiingia, wazuiliwe mbali na vita. Ndiyo maana Ireland ilikuwa na kambi pale Curragh, ikiwashikilia marubani wa Uingereza upande mmoja na Wajerumani upande mwingine, wote walioangukia kwao.

Sasa ona shida. Mwanajeshi tunamjua kwa sare na bunduki. Je, mtu aliyevaa suti, anayepima kiwanja, anayejenga barabara ambayo hata mkulima ataipitia na punda wake, utamwita nani? Katika vita vya ndege na magari, uwanja wa ndege ni silaha sawa na mzinga. Tofauti ni kwamba ukiutazama kwa mbali unaonekana kama maendeleo.

Aislandi: mgeni aliyekuja na jembe lake

Mwaka 1940 Aislandi ilikuwa nchi ya watu kama 120,000, bila jeshi, na tangu 1918 ilikuwa imetangaza kwamba haitaegemea upande wowote katika vita vya mtu yeyote. Mfalme wao alikuwa mmoja na wa Denmark. Tarehe 9 Aprili 1940 Ujerumani ikaiteka Denmark. Uingereza ikawaambia Waaislandi, njooni tushirikiane. Wakajibu kwa adabu: asanteni, lakini hii vita si yetu.

Tarehe 10 Mei 1940, alfajiri, meli za kivita za Uingereza zikaingia Reykjavik na askari wa majini 746. Siku hiyohiyo Ujerumani ilikuwa inavamia Uholanzi na Ubelgiji, na jioni yake Churchill akawa waziri mkuu, kwa hivyo dunia ilikuwa na mengine ya kuzungumzia. Serikali ya Aislandi ililalamika rasmi kwamba uhuru wake umekanyagwa. Halafu waziri mkuu, Hermann Jónasson, akawaomba wananchi wawachukulie wanajeshi hao kama wageni. Angefanya nini? Hakuwa na jeshi la kuwafukuza.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu mgeni alikuja na jembe lake mwenyewe. Oktoba 1940 jeshi likaanza kujenga uwanja wa ndege palepale mjini Reykjavik. Nyumba za jeshi zikaota kila upande, zile za mabati zilizokunjwa kama pipa lililopasuliwa katikati. Hizo nyumba zenyewe zilibuniwa na afisa wa Royal Engineers, Peter Nissen, mwaka 1916 katika vita vya kwanza.

Kazi kama hiyo inataka mikono, na Aislandi ilikuwa na mikono mingi iliyokaa bure tangu uchumi uanguke miaka ya 1930. Ghafla kila mtu ana kibarua. Wenyeji walikipa jina lake, bretavinna, yaani kazi ya Waingereza. Pesa ziliingia kiasi kwamba hadi leo kuna wanaoviita "vita vyenye baraka." Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa upande wa mfuko ni kweli, mwenyeji alipona.

Lakini angalia kilichobaki. Julai 1941 Wamarekani wakaanza kupokea zamu. Vita vikaisha, majeshi yakapungua, mji ukawa na uhaba wa nyumba, na familia maskini zikahamia kwenye zile nyumba za mabati. Watoto waliokulia humo walijulikana kwa anwani yao na wakadharauliwa kwa sababu yake. Mtu aliyekulia Mukuru au Mathare haitaji kuelezwa hiyo hisia. Na uwanja wa ndege? Waingereza waliukabidhi 1946. Mpaka leo uko katikati ya mji na ndege za ndani ya nchi zinautumia. Mwaka 2001 watu wa Reykjavik walipiga kura kuhusu kuuhamisha na wakagawanyika karibu nusu kwa nusu. Haujahama. Miaka zaidi ya 80 baadaye, ramani ya mji mkuu bado inafuata mistari iliyochorwa na jeshi ambalo halikualikwa.

Uturuki: wanajeshi ndani ya suti

Uturuki ni stori nyingine, na kwangu ndiyo tamu zaidi.

Rais İsmet İnönü alikuwa mwanajeshi wa zamani. Aliona kwa macho yake jinsi utawala wa Waothmani ulivyoingia vita vya kwanza mwaka 1914 na kupoteza karibu kila kitu. Hakutaka kurudia. Tarehe 19 Oktoba 1939 Uturuki ilisaini mkataba wa kusaidiana na Uingereza na Ufaransa. Tarehe 18 Juni 1941 ikasaini mwingine wa urafiki na Ujerumani, siku nne tu kabla ya Ujerumani kuivamia Urusi. Tunasema njia mbili zilimshinda fisi. İnönü alizipitia zote mbili kwa karibu miaka sita na hakupasuka msamba.

Waingereza waliogopa kwamba Wajerumani, wakishaingia Bulgaria Machi 1941 na Ugiriki Aprili, watapitia Uturuki kuelekea mafuta ya Iraki na Mfereji wa Suez. Kwa hivyo walitaka Uturuki iwe tayari: viwanja vya ndege ambavyo ndege zao zinaweza kutua siku hiyohiyo, barabara za kubeba malori mazito, maghala ya mafuta, na bandari za kusini kama İskenderun na Mersin ziweze kupokea mizigo. Kusini kulikuwa muhimu kwa sababu mara tu Wajerumani walipokaa Ugiriki na visiwa vyake, meli ya Uingereza haikuweza tena kufika Izmir au Istanbul kwa amani.

Uturuki ikasema sawa, njooni mjenge. Lakini hatutaki kuona sare. Basi wahandisi wa jeshi wakaingia wakiwa na nguo za kiraia. Mtu ana cheo, ana kikosi, anapokea mshahara wa jeshi, lakini kwenye karatasi ni mtaalamu wa ujenzi. Balozi wa Ujerumani mjini Ankara, Franz von Papen, hakuwa mjinga. Alijua kinachoendelea. Waturuki nao walijua kwamba anajua. Mradi hakuna sare barabarani, kila mtu angeweza kuruka maneno.

Tarehe 30 na 31 Januari 1943 Churchill mwenyewe alisafiri kukutana na İnönü. Walikutana ndani ya treni, kwenye stesheni ya Yenice karibu na Adana. Churchill alitaka Uturuki iingie vitani. İnönü alitaka silaha. Baada ya hapo silaha zikaanza kumiminika na kazi ya viwanja ikaongezwa kasi, lakini kila mara Waingereza walipouliza "sasa mko tayari?" Waturuki walitoa orodha nyingine ya vifaa wanavyohitaji, mirefu kuliko iliyopita. Waingereza wakalalamika kwamba reli ya Uturuki yenyewe haiwezi kubeba mzigo wote huo hata ukiletwa. Unaona hapo? Uhandisi uligeuka kuwa lugha ya diplomasia. İnönü hakuhitaji kusema hapana. Alisema tu, mjengo haujaisha.

Na alikuwa na sababu. Vuli ya 1943 Waingereza walijaribu kushika visiwa vya Kos na Leros, karibu kabisa na pwani ya Uturuki, na Wajerumani wakawanyang'anya vyote kufikia katikati ya Novemba. Ukiwa Ankara unatazama hiyo, unajiuliza: hawa ndio watanilinda?

Halafu kuna Elyesa Bazna. Alikuwa mtumishi wa nyumbani wa balozi wa Uingereza, Sir Hughe Knatchbull-Hugessen. Kuanzia Oktoba 1943 alikuwa anapiga picha karatasi za siri za bosi wake na kuwauzia Wajerumani, ambao walimpa jina la Cicero. Kwa hivyo Berlin ilikuwa inasoma jinsi London inavyoisukuma Uturuki. Jamaa alilipwa pesa nyingi sana, na baadaye ikajulikana kwamba sehemu kubwa ilikuwa noti bandia. Hii si stori ya jaba, iko kwenye rekodi.

Mwanzoni mwa 1944 Waingereza walichoka wakakatiza mazungumzo na msaada wa silaha. Aprili mwaka huo Uturuki ikaacha kuiuzia Ujerumani madini ya kromi, Agosti ikakata uhusiano nayo, na tarehe 23 Februari 1945 ikatangaza vita, wakati Ujerumani ilikuwa tayari chali. Kwa nini wakati huo? Kwa sababu aliyetaka kualikwa San Francisco kuunda Umoja wa Mataifa alipaswa awe ametangaza vita kufikia tarehe 1 Machi. Uturuki ilimaliza vita na barabara, bandari na viwanja vilivyoboreshwa, na miji yake haikupigwa mabomu kama ile ya Ulaya.

Ureno: mkataba wa miaka 570

Sasa twende katikati ya bahari ya Atlantiki. Visiwa vya Azores ni vya Ureno, na Ureno chini ya António de Oliveira Salazar haikuwa na upande. Iliuzia pande zote mbili madini ya wolframu, ambayo hutumika kutengeneza chuma kigumu cha silaha.

Shida ya Waingereza ilikuwa nyambizi za Ujerumani. Ndege za doria zilizotoka Kanada, Aislandi na Uingereza zilikuwa na mwisho wa umbali zinaoweza kwenda, na katikati ya Atlantiki kulibaki pengo ambapo nyambizi zilizamisha meli bila kusumbuliwa kutoka juu. Azores iko upande wa kusini wa hiyo njia. Kufikia katikati ya 1943 nyambizi zilikuwa zimeanza kushindwa, lakini London bado ilitaka visiwa.

Waliwahi kufikiria kuviteka kwa nguvu. Mwishowe walifungua sanduku la zamani wakatoa mkataba wa urafiki kati ya Uingereza na Ureno wa mwaka 1373. Ili uelewe ukale wake: Vasco da Gama alipofika Malindi 1498, huo mkataba ulikuwa tayari na miaka 125. Salazar akakubali kuutumia. Makubaliano yalisainiwa tarehe 17 Agosti 1943, na tarehe 8 Oktoba Waingereza wakashuka kisiwa cha Terceira. Siku nne baadaye Churchill akawatangazia wabunge wake, na akautaja mkataba wa 1373 kwa furaha ya mtu aliyepata risiti ya babu yake.

Pale Lajes kulikuwa na kiwanja kisichofaa ndege nzito. Wajenzi wa jeshi wakatandika mabati mazito ya chuma yenye matundu, yanayoshikana kipande kwa kipande kama mkeka, na ndege kubwa zikaanza kutua. Tarehe 9 Novemba 1943 ndege kutoka Azores ikazamisha nyambizi ya U-707. Mwezi mmoja na siku moja tangu washuke.

Ujerumani ilipiga kelele, lakini haikuishambulia Ureno. Ureno ikaendelea kujiita nchi isiyo na upande, na wolframu ikaendelea kwenda Ujerumani hadi Juni 1944.

Bei ililipwa wapi

Hapa ndipo nilitaka tufike.

Salazar hakutoa uwanja bure. Desemba 1941 wanajeshi wa Australia na Uholanzi walikuwa wameingia koloni lake la Timor bila ruhusa, wakisema wanailinda, na miezi miwili baadaye Japani ikaiteka. Hakutaka hilo lirudiwe. Kwa hivyo pamoja na uwanja wa ndege, alipata ahadi kutoka Uingereza kwamba vita vikiisha wataondoka, na kwamba mamlaka ya Ureno juu ya makoloni yake yote yataheshimiwa.

Yote. Angola imo humo. Msumbiji imo humo. Watu wa Cabo Delgado, ng'ambo ya mto Ruvuma kutoka Tanzania, wenye ndugu Mtwara na Lindi, waliwekwa ndani ya makubaliano kuhusu mabati yanayotandikwa kisiwani Atlantiki. Hawakuwa mezani. Hawakujua kwamba kuna meza.

Waingereza waliondoka Lajes 1946, kama walivyoahidi. Wamarekani, walioingia kwa mgongo wao, wakabaki. Azores ndiyo sababu kubwa Ureno ya Salazar, utawala wa mtu mmoja, ilikaribishwa NATO tangu mwanzo mwaka 1949. Na 1961, Rais Kennedy alipoanza kuibana Ureno kwenye Umoja wa Mataifa kuhusu makoloni, Salazar alikuwa na karata: muda wa Wamarekani kutumia Lajes ulikuwa unakaribia kuisha 1962. Washington ikapunguza sauti. Mwaka huohuo wa 1962, FRELIMO iliundwa Dar es Salaam. Vita vya ukombozi vilianza Septemba 1964 na Msumbiji haikupata uhuru hadi tarehe 25 Juni 1975.

Sisemi uwanja mmoja wa ndege ndio ulioichelewesha Msumbiji. Ukoloni wa Ureno ulikuwa na mizizi mingi. Nasema ule uwanja ulikuwa kwenye mizani, na kila mara ulipowekwa, upande wa Msumbiji ulipanda juu.

Lajes yenyewe haijastaafu. Tarehe 16 Machi 2003, George W. Bush, Tony Blair na José María Aznar walikutana hapohapo, wakiwa wageni wa waziri mkuu wa Ureno José Manuel Barroso, siku chache kabla ya Iraki kuvamiwa. Kitu kilichokubaliwa 1943 kwa ajili ya vita vile tu kilikuwa bado kinafanya kazi miaka 60 baadaye, katika vita vingine kabisa.

Na sisi je?

Kenya haikuwa nchi isiyo na upande. Uingereza ilipotangaza vita tarehe 3 Septemba 1939, sisi tulikuwa ndani tayari, kwa sababu koloni haliulizwi. Mwaka 1942 meli za kivita za Uingereza za Bahari ya Hindi zilihamia Kilindini baada ya Wajapani kushambulia Ceylon. Wataalamu wa kuvunja siri za Wajapani wakawekwa ndani ya shule ya Allidina Visram pale Mombasa. Hakukuwa na mkutano wa treni kama ule wa Yenice, wala mkataba wa kufufua wa 1373. Jeshi lilichukua shule, basi.

Ndiyo maana hizi nchi tatu zinanivutia. Zinaonyesha kwamba hata kwa Uingereza ileile, katika vita vilevile, namna ulivyotendewa ilitegemea una nini mkononi. Aislandi ilikuwa na haki ya kisheria peke yake, ikapata barua ya pole na ajira. Uturuki ilikuwa na jeshi na uvumilivu, ikapata silaha na barabara. Ureno ilikuwa na kisiwa mahali panapohitajika, ikapata dhamana ya himaya nzima. Msumbiji na Kenya hazikuwa na kiti.

Ukitaka kuwatafuta mwenyewe

Huhitaji kadi ya chuo kufanya hii kazi. Mimi niliacha chuo na bado naifanya. Ila kuna mbinu.

Kwanza, mhandisi aliyevaa suti hatapatikana kirahisi kwenye shajara za vikosi, zile ambazo jeshi liliandika kila siku. Za Mashariki ya Kati ziko Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Uingereza pale Kew, kwenye mfululizo wa WO 169, na orodha yake unaweza kuitafuta bure mtandaoni. Lakini mtu aliyefichwa kwa sababu za kidiplomasia huonekana kwenye barua za wanadiplomasia. Fungua mfululizo wa FO 371, wa wizara ya mambo ya nje. Hapo ndipo balozi analalamika kuhusu viza, kuhusu saruji iliyochelewa, kuhusu afisa aliyelewa akaanza kujitaja cheo.

Pili, tafuta mjengo kabla ya kutafuta mtu. Chukua ramani ya zamani na picha ya setilaiti ya leo, ulinganishe. Njia ya ndege haifichiki.

Tatu, sikiliza wenyeji. Neno bretavinna halipo kwenye ripoti ya jenerali yeyote. Liko midomoni mwa watu waliobeba mchanga.

Nne, nenda makaburini. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha unayoweza kuichambua kwa nchi. Kuna makaburi yao Fossvogur mjini Reykjavik, kuna mengine Lajes, kuna Haidar Pasha mjini Istanbul. Mtu anaweza kuishi nchini bila sare, lakini akifa jeshi humrudishia cheo chake kwenye jiwe.

Na ukishazoea kusoma hivi, hutaweza kuacha. Serikali yoyote, iwe ya huko au ya kwetu, ikisema haina upande katika ugomvi wa wakubwa, hutauliza tena kama kuna wanajeshi wageni nchini. Utauliza nani anajenga nini, wapi, kwa mkataba wa miaka mingapi, na ni jina la nani limeandikwa humo bila mwenyewe kujua. Watu wa Cabo Delgado hawakupata nafasi ya kuuliza hivyo mwaka 1943. Sisi tunayo, na mikataba mingine iko mezani sasa hivi.